Soda ya lita 2 inaisha gesi kabla ya jioni: gesi inakwenda wapi, na ufanye nini

SWALI: Nina mgahawa mdogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Wateja wengi wanataka glasi moja tu, kwa hiyo nanunua soda kubwa za plastiki za lita 2 na kuwapimia. Nikifungua chupa saa sita mchana, ikifika saa kumi na mbili jioni iliyobaki ni maji ya sukari, mteja anaonja na kuirudisha. Kijana wangu huibonyeza chupa hadi hewa iishe ndipo afunge. Jirani ananiambia niweke kijiko mdomoni mwa chupa, mwingine anasema niisimamishe kichwa chini, na kuna muuzaji ananiletea pampu ya kujazia upepo. Lipi ni la kweli? Na mbona ndugu zangu wa Dar es Salaam hawalalamiki hivi, au ni hali ya hewa ya huku?

JIBU: Dada, kifuniko chako huenda hakina kosa lolote. Sehemu kubwa ya gesi unayoipoteza haipenyi kwenye kifuniko. Inahama kutoka ndani ya soda, inakaa kwenye nafasi tupu iliyo juu yake, kisha unaifungulia mlango kila unapommiminia mteja mwingine. Mbinu zote nne ulizozitaja haziiondoi nafasi hiyo tupu, na ndiyo maana hazitakusaidia.

Gesi iliyomo kwenye soda ni hewa ya ukaa. Kiwandani kinywaji hupozwa kwanza, kisha gesi hushindiliwa ndani yake kwa msukumo mkubwa na chupa kufungwa papo hapo. Lita 1 ya kola hutoka kiwandani ikiwa imemeza gesi ambayo ingekuwa huru ingejaza chombo cha lita 3.5 hadi 4. Soda za ladha ya machungwa na matunda mengine kwa kawaida hupewa gesi pungufu kuliko kola, kwa hiyo usishangae zikitangulia kupooza hata kama umezifungua wakati mmoja na kola.

Kinachoishikilia gesi hiyo ndani ya maji ni vitu viwili: ubaridi, na msukumo wa gesi iliyo juu ya maji. Mwingereza William Henry alieleza kanuni ya msukumo mwaka 1803, na viwanda vya soda vinaitegemea hadi leo: kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji hulingana na msukumo wa gesi hiyohiyo juu ya maji hayo. Neno "hiyohiyo" lishike vizuri, maana ndilo litakaloamua habari ya pampu. Ama kuhusu ubaridi, chukua maji yaliyo chini ya hewa ya ukaa tupu yenye msukumo wa kawaida wa usawa wa bahari. Kwenye nyuzi joto 0, lita 1 ya maji hubeba takriban lita 1.7 za gesi. Kwenye nyuzi 10 hubeba 1.2, kwenye nyuzi 20 hubeba 0.9, na kwenye nyuzi 30, ambalo ni joto la kawaida la mchana wa Oktoba na Novemba hapa Dodoma, hubeba chini kidogo ya 0.7. Yaani soda ikitoka kwenye friji na kukaa mezani mpaka ipate joto la chumba, uwezo wake wa kushika gesi unashuka hadi karibu nusu.

Ule mchomo wa ulimini nao unatokana na gesi hiyo. Sehemu yake hugeuka tindikali nyepesi inapokutana na mate, na ulimi huisikia kama ukali. Gesi ikiisha ukali unatoweka, utamu wa sukari unabaki peke yake, na mteja anasema umemwekea maji ya sukari. Sukari haijaongezeka hata chembe.

Sasa tuje kwenye ile nafasi tupu.

Chupa ya lita 2 ikiwa mpya ina kanafasi kadogo tu shingoni. Gesi chache inatoka kwenye soda, inaijaza, msukumo unapanda, na kuhama kunakoma. Ukishamimina nusu, juu ya lita 1 ya soda kuna lita 1 ya uwazi. Funga kwa nguvu zote ulizonazo, soda itaendelea kuachia gesi mpaka uwazi huo ushibe. Kwa hesabu ya kanuni ya Henry, kwenye friji la nyuzi 5 takriban asilimia 41 ya gesi iliyobaki itahamia juu. Chupa hiyohiyo ikiachwa kaunta kwenye nyuzi 30, itahama takriban asilimia 57. Ikibaki robo chupa, yaani nusu lita ya soda chini ya lita moja na nusu ya uwazi, hata kwenye friji theluthi mbili ya gesi inaondoka kwenye soda, na kwenye joto la nyuzi 30 ni asilimia 80. Hapo hakuna tundu wala kifuniko kibovu.

Kinachomalizia kazi ni kufungua mara kwa mara. Kila "fsss" unayoisikia ni gesi iliyokuwa imehamia juu ikiondoka moja kwa moja. Ukifunga, soda inaanza kuujaza uwazi upya, na sasa ni mkubwa kuliko wa mwanzo. Chukua chupa ya lita 2 iliyopoa hadi nyuzi 5, unayoigawa glasi za mililita 250, na baada ya kila glasi chupa inakaa muda mrefu wa kutosha gesi kutulia. Baada ya glasi ya kwanza soda iliyobaki ina takriban asilimia 91 ya gesi yake ya awali. Baada ya ya pili, 74. Baada ya ya tatu, 52. Baada ya ya nne, 31. Ilikuwa na lita 4 za gesi kwa kila lita ya soda, na ukifika nusu ya chupa imebaki na lita 1.2 hivi. Kwenye baridi hiyo maji yanaweza kuzibeba lita hizo bila kutoa kiputo hata kimoja. Mteja wa tano anapewa soda iliyotulia kama chai ya rangi, ingawa chupa imelala kwenye friji mchana kutwa na kifuniko kimekazwa.

Angalia sharti nililoliweka: "inakaa muda mrefu wa kutosha". Soda iliyotulia, isiyotikiswa, huchukua saa nyingi kabla gesi yake haijaujaza uwazi ulio juu ikatulia. Ikiwa ya moto inawahi, na ikitikiswa inachukua dakika. Kwa hiyo meza ya watu wanane ikiagiza kwa pamoja, fungua lita 2, mimina glasi nane mfululizo, na wa mwisho atapata soda karibu sawa na ya wa kwanza. Chupa kubwa ni ya watu wengi wa mara moja. Inakuangusha pale unapoigawa glasi moja moja kuanzia saa sita hadi jioni.

Kwa kipimo hicho, tuzipime mbinu ulizoletewa.

Kijana wako anapoibonyeza chupa, nia yake ni nzuri: anataka kuondoa uwazi. Lakini plastiki ile ni laini, haiwezi kubaki imebonyea. Soda inaachia gesi, gesi inaisukuma plastiki kutoka ndani, na baada ya muda chupa imerudi umbo lake la kwanza. Uwazi ni uleule, ila sasa umejazwa na hewa ya ukaa tupu iliyotoka kwenye soda yako. Tena gesi hiyo hutoka haraka zaidi, kwa sababu wakati chupa bado imebonyea hakuna msukumo wa kuvizuia viputo visitokee. Mwambie aache. Chupa isiyobonyezwa itakuwa sawa na hiyo au nafuu kidogo.

Pampu ni mtego unaoaminika zaidi, kwa sababu matokeo yake yanaonekana: chupa inakuwa ngumu, na ukifungua inapiga kelele kama mpya. Lakini unachojaza ni hewa ya kawaida, ambayo karibu yote ni naitrojeni na oksijeni. Hapo ndipo neno "hiyohiyo" linapohusika. Hewa ya ukaa iliyo kwenye soda hujali msukumo wa hewa ya ukaa iliyo juu yake, haijali naitrojeni hata kidogo. Gesi itahama kiasi kilekile kama vile pampu haikuwepo. Faida moja ndogo ipo: chupa ikiwa na msukumo, viputo haviinuki, kwa hiyo gesi inatoka kupitia uso wa soda peke yake na kuhama kunachelewa kidogo. Faida hiyo inakwisha siku hiyohiyo. Hela ya pampu nunulia ndoo nzuri ya barafu.

Kijiko mdomoni hakizibi kitu, hivyo chupa iko wazi tu. Kichwa chini nako uwazi ni uleule, umehama tu kutoka shingoni kwenda kwenye kitako. Hata hivyo mkao huo una matumizi mengine: unapima kifuniko. Funga chupa, igeuze, uizamishe shingo kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika moja. Ukiona viputo vinapanda au soda inachuruzika, kifuniko hakifungi sawasawa. Mara nyingi kosa ni sukari iliyokaukia shingoni, kwenye mistari ya kuzungushia kifuniko, au vumbi, na Dodoma vumbi halikosekani. Futa shingo kwa kitambaa safi chenye unyevu kila kabla ya kufunga, na kifuniko kisiwekwe mezani kikiangalia juu. Usiazime vifuniko vya chupa za maji, kwa kuwa vingi ni vyembamba na havikutengenezwa kuhimili msukumo.

Mbinu inayofanya kazi ni ya kuondoa uwazi wenyewe: hamishia soda kwenye chupa ndogo, uzijaze mpaka shingoni. Tafuta chupa za plastiki za mililita 500 zilizokuwa za soda. Utazitambua kwa kitako chenye vijiguu vitano na plastiki nene, kwani zimeundwa kubeba msukumo. Chupa ya maji ya kunywa haifai: plastiki yake ni nyepesi, kitako chake kitavimba na chupa itaanguka. Na chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa, dawa ya mifugo au kiuatilifu isiguswe kabisa, hata ikioshwa mara kumi. Osha chupa zako kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, zisuuze mpaka harufu ya sabuni iishe, zikaushe kichwa chini. Maji yanayochemka yataikunja plastiki.

Saa ya kuhamisha ni muhimu kuliko yote. Fanya mara tu unapoifungua chupa kubwa, usingoje ifike nusu. Chupa kubwa iwe imelala kwenye friji usiku mzima, na chupa ndogo tupu nazo ziwe zimepozwa kwenye friji hilohilo, maana soda baridi ikikutana na plastiki ya moto inatoa povu na gesi inakwenda nalo. Fungua kifuniko taratibu. Ukiona povu linapanda, kaza tena, subiri, kisha endelea. Mimina kwanza glasi za wateja waliopo. Kisha inamisha chupa ndogo, kutanisha mdomo na mdomo, uache soda iteleze ukutani mwa chupa bila kuanguka katikati. Jaza mpaka vidole viwili chini ya mdomo, subiri povu lishuke, ongeza mpaka ibaki kama sentimita 2, funga, rudisha kwenye friji. Utapoteza gesi kiasi kwenye kumimina, hilo halikwepeki. Lakini kuanzia hapo, kwenye chupa ya nusu lita yenye uwazi wa mililita 25, gesi inayohamia juu ni kama asilimia 3 tu. Linganisha na zile 41 za chupa kubwa iliyobaki nusu. Na kila chupa ndogo inafunguliwa kwa mteja mmoja au wawili, basi.

Hata hivyo, nikuambie wazi: kama mauzo yako ya mchana ni glasi moja kila nusu saa, lita 2 si bidhaa yako. Weka kreti ya chupa za kioo za mililita 350, ufungue mbele ya mteja. Piga hesabu ya glasi unazomwaga au kurudishiwa kwa wiki, uilinganishe na tofauti ya bei. Huenda ukagundua ule unafuu wa chupa kubwa ulikuwa unaishia kwenye ndoo ya uchafu.

Sasa Dodoma na Dar. Mji wako uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Ni sababu ileile inayofanya maji yachemke huku kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa soda maana yake ni hii: kiputo ili kizaliwe lazima kiishinde hewa inayokikandamiza kutoka juu, na huku ukandamizaji ni mdogo. Kwenye nyuzi 10, glasi ya Dar huacha kutoa viputo ikibaki na takriban lita 1.2 za gesi kwa lita, na ya Dodoma huendelea mpaka karibu 1.05. Kwa hiyo ndiyo, mwinuko una mchango, lakini ni mdogo. Ndugu zako wa Dar wana joto zaidi la usiku kuliko wewe. Kama soda zao zinadumu, yaelekea wanauza haraka au wanauza chupa ndogo.

Vinavyokuumiza zaidi huku ni jua la mchana kwenye stoo ya bati na vumbi kwenye glasi.

Tuanze na stoo. Joto linapandisha msukumo ndani ya chupa ambayo haijafunguliwa. Kola yenye lita 4 za gesi, ikiwa kwenye nyuzi 5, inasukuma kuta za chupa kwa nguvu pungufu kidogo ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwenye nyuzi 30 inasukuma zaidi ya mara mbili ya tairi hilo. Plastiki ya chupa hizi haizuii gesi kabisa. Hewa ya ukaa inapenya ukutani mwake taratibu, siku baada ya siku, na joto na msukumo vinaiharakisha. Chupa ndogo ya plastiki hupoteza haraka kuliko kubwa, kwa kuwa ina ukuta mwingi kwa kila mililita ya soda. Kioo na kopo havipenyezi. Kwenye chupa ya kioo njia pekee ni kizibo, hivyo kague: kizibo chenye kutu, kilichopinda au chupa yenye mdomo uliomeguka, irudishe kwa aliyekuuzia kabla hujaiweka kwenye friji.

Basi panga hivi: kreti zisikae nje zikisubiri bajaji, zisiegemee ukuta unaopigwa na jua la jioni, ziwe juu ya mbao ili hewa ipite chini. Fungua madirisha ya stoo usiku, maana usiku wa Dodoma una ubaridi wa bure, hasa Juni na Julai, kisha yafunge asubuhi. Soma tarehe chini ya chupa au kwenye shingo, uuze za plastiki ndogo kwanza, kubwa zifuate, za kioo mwisho.

Umeme ukikatika una msaada ambao watu wa pwani hawana. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya huku ni kavu, na hewa kavu hunyonya maji haraka. Maji yanapokauka huchukua joto. Ndicho kinachoupoza mtungi. Zungushia chupa zilizofungwa kitambaa cha pamba au gunia lililolowa, ziweke kivulini penye upepo, ndani ya beseni lenye maji kina cha vidole viwili ili kitambaa kiendelee kunyonya. Mchana wa nyuzi 30 wenye ukavu wa kawaida wa kiangazi, chupa inaweza kushuka hadi nyuzi 22 au 23. Haitakuwa baridi ya friji, lakini gesi utakayookoa ni nyingi. Masika yakiingia, kati ya Desemba na Aprili, hewa inakuwa na unyevu na mbinu hii inadhoofika.

Ukiwa na barafu, usiweke barafu tupu. Ichanganye na maji kwenye ndoo, yagusane na chupa pande zote. Chupa ya mililita 350 itapoa ndani ya dakika 20 hadi 30, ya lita 2 itachukua zaidi ya saa moja. Friza ni hatari kwa soda. Barafu inapoganda huifukuza gesi na kutanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa ya kioo hupasuka, na vipande vyake vikiingia kwenye chakula ni balaa. Hata ya plastiki isiyopasuka, ukiifungua ikiwa nusu barafu inafoka, na inayobaki baada ya kuyeyuka imeisha gesi.

Soda iliyoletwa na bodaboda kwenye barabara mbovu isifunguliwe siku hiyohiyo kama unaweza kungoja. Mtikisiko haujaongeza gesi. Umetawanya viputo vidogo mno ndani ya soda, na kila kimoja ni mbegu ya povu. Iache itulie kwenye ubaridi, hata saa chache. Kugonga kopo kwa kidole hakusaidii: watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Denmark walilijaribu hilo mwaka 2019 kwa makopo ya bia zaidi ya 1,000, na yaliyogongwa yalimwaga sawa na yasiyogongwa.

Glasi nayo inastahili uangalizi wako, kwa sababu hapo ndipo mteja anapoona. Kiputo hakizaliwi kwenye maji matupu. Kinahitaji kijishimo chenye hewa: mkwaruzo, chembe ya vumbi, uzi mdogo wa kitambaa. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Reims, Ufaransa, aliyechunguza viputo vya shampeni kwa miaka mingi, alionyesha kuwa misururu mingi ya viputo kwenye glasi huanzia kwenye nyuzinyuzi zilizoachwa na kitambaa au zilizoangushwa na hewa. Ndiyo maana pia chumvi ikitiwa kwenye soda inafoka: kila punje ina vijishimo vyake. Kwa hiyo usifute glasi kwa taulo. Isuuze, uigeuze kwenye kichanja cha waya ikauke yenyewe, na ikae kichwa chini mpaka dakika ya kutumika, vumbi lisiingie. Kabla ya kumimina ipitishe kwenye maji baridi safi. Glasi yenye unyevu na ubaridi hutoa povu kidogo kuliko kavu ya moto. Iinamishe kama nusu ya kulala, soda iteremke ukutani. Liger-Belair na wenzake walipima hilo kwa shampeni mwaka 2010 wakakuta kuinamisha kunahifadhi gesi zaidi kuliko kumimina moja kwa moja chini.

Barafu ya kwenye glasi isuuzwe kwanza kwa maji baridi. Iliyotoka tu friza ina uso wenye mikwaruzo na unga wa theluji, na soda ikiigusa inalipuka povu. Iliyosuuzwa imelainika. Vipande vikubwa vichache ni bora kuliko vidogo vingi. Na maji ya kusuuzia na ya barafu yawe ya kunywa.

Ukiwa unauza mchanganyiko wa ubuyu na soda, chuja ubuyu kwa kitambaa laini mpaka unga uishe, kwa sababu kila chembe itatoa gesi. Upoze sawasawa na soda. Ubuyu utangulie kwenye glasi, soda ifuate ukutani, na ukoroge mara moja tu kutoka chini kwenda juu.

Soda iliyopooza haijaharibika. Ukiifunga na kuiweka kwenye friji, itumie ndani ya siku mbili au tatu, mradi hakuna aliyeinywea mdomoni. Gesi yake hairudi isipokuwa kwa mtungi wa hewa ya ukaa na mashine, kama ilivyo kwenye mikahawa mikubwa. Lakini ukikuta chupa uliyoiacha imepooza kaunta siku kadhaa sasa imekuwa ngumu tena na inafoka, hasa ikiwa na harufu ya togwa lililochacha au pombe, gesi hiyo si ya kiwandani. Chachu imeingia na inakula sukari. Chupa ya kioo iliyofungwa katika hali hiyo inaweza kupasuka. Ipoze kwanza, ifunge kwa kitambaa kinene, ielekeze mbali na uso, fungua polepole, na uimwage yote.